Lugha ya Bibi Usingizini

Binti yangu anaishi ng'ambo, nchi ya baridi, na huko siku hizi watu wanapeana asili kama zawadi ya sikukuu. Unanunua kiboksi, ndani mna kichupa, unatema mate, unakirudisha kwa posta, halafu unakaa unasubiri kuambiwa wewe ni nani. Akaninunulia na mimi. Nilitema mate yangu asubuhi kabla sijanywa chai, kama maelekezo yalivyotaka, na baada ya wiki nyingi ramani ikaja kwenye simu. Rangi ya chungwa ilianzia pwani yetu, ikateremka kusini, ikavuka Ruvuma, ikaenda kuzunguka Ziwa Nyasa, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza.

Tangu hapo wapwa zangu nao wamepima, mmoja baada ya mwingine, na kundi letu la ukoo kwenye simu limejaa ramani. Kila mtu na doa lake. Juzi mdogo wao akauliza: mbona sisi Wazaramo, ziwa limeingiaje? Nikaanza kumjibu kwa kidole. Jibu likawa refu, likanishinda, nikaweka simu pembeni. Tuliokuwepo siku zile tumebaki wachache, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Tulikuwa tunakaa Temeke, mimi, mama yangu, na bibi mzaa mama. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi mrefu katikati unaotoka mlango wa mbele mpaka uani. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo ulipita humo hata siku ambayo nje majani hayatikisiki. Bibi akishaswali adhuhuri na kula, alitandika mkeka wake humo ukumbini, akavua ushungi, akalala kwa ubavu, mkono mmoja chini ya shavu. Hapakuwa na sauti nyingine ila kuku uani na redio za majirani zikija na kupotea.

Na Bibi aliongea usingizini. Hakupiga kelele wala hakuweweseka kwa hofu. Aliongea tu, taratibu, kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Akiamka alikuwa hana habari. Alikunja mkeka, akauliza kama maji yamekuja bombani.

Nilipokuwa mdogo sikuona ajabu yoyote. Niliamini kila mtu ana lugha mbili, Kiswahili cha mchana na nyingine ya usingizi, na kwamba ya kwangu itakuja nikikua. Nilikuwa nalala kando yake kwenye mkeka, macho nimefumba, nikiisubiri. Joto lilinizunguka, harufu ya mafuta ya nazi ikatoka kichwani kwake, maneno yake yakanipita juu kama ndege, na mimi nikalala kweli bila kusema lolote.

Kabila lake Bibi alilijua na hakuwa na shaka nalo. Alikuwa Mzaramo wa Kisiju, alikolelewa na kuchezwa unyago, alikoolewa na babu. Watani wake Wanyamwezi walikuja kumtania kila msiba, naye aliwajibu mpaka wakakimbia. Mama alishawahi kumuuliza kuhusu yale maneno ya usingizini, akaambiwa ni mashetani ya zamani tu, yana adabu yao, yaacheni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka mjomba wangu, kaka yake Mama, alipoleta redio kaseti.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokaa matupu tangu nipate akili yalijaa vitu kwa ghafla, na mjomba, aliyekuwa karani, aliacha ukarani akawa anakwenda Dubai na kurudi na mabegi. Redio ile ilikuwa nyeusi, ndefu kama jeneza la mtoto, kama Mama alivyosema, na yeye hakuipenda kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, sina kazi, kwa hiyo ikawa yangu. Mchana mmoja jirani alikuwa anapiga taarabu niliyoitamani. Nikaweka kanda tupu, nikabonyeza kibonye cha kurekodi, nikaiacha redio ukumbini inase wimbo ule ng'ambo ya ukuta. Usingizi ukanichukua.

Jioni nilipoisikiliza, taarabu ilikuwa mbali, kama inapigwa chini ya maji. Juu yake, karibu kabisa, alikuwa Bibi.

Mjomba alikuwepo. Akacheka, akataka tuirudie, akasema atakwenda nayo kijiweni awasikilizishe wenzake. Mama akamkataza, akasema mama yao si kichekesho. Walikuwa bado wanabishana nilipomwona Bibi amesimama kwenye mlango wa uani, ana sufuria mkononi. Hakuwauliza wanagombania nini. Alikuja akakaa kwenye kigoda mbele ya redio.

"Mtoto wa nani huyo?" akauliza.

Mama akamwambia hakuna mtoto hapo, hiyo ni sauti yake mwenyewe.

"Yupo," Bibi akasema. "Maneno siyajui, lakini anamwita mama yake. Mtoto akimwita mama yake utaacha kujua?"

Akaniomba niirudishe. Nikairudisha. Ni kweli, tukasikia wote. Sauti ya Bibi ya kila siku ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuagiza, na hii ya kwenye kanda ilikuwa nyembamba, inapanda mwishoni. Nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote bila kuitambua. Tuliisikiliza mpaka giza likaingia na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.

Siku zilizofuata Bibi alibadilika. Hakuugua, alikula vizuri, lakini alikuwa anasimama katikati ya kazi, ufagio mkononi, akitazama ukutani. Ijumaa moja, tukichambua mchele, alimwambia Mama jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu.

Yule mama wa Kisiju aliyemlea, ambaye Bibi alimwita mama na kumzika kama mama, alikuwa na mazoea ya kumsimulia siku alivyompata. "Siku niliyokupata," alikuwa anasema, "wapagazi wa vita walikuwa wanapita, wengi, wamekonda, na mvua inanyesha." Kila akimsimulia ilianza hivyo. Kulikuwa na wapagazi wa ile vita kuu ya kwanza, na mvua, lakini uchungu wa uzazi hakuutaja, wala mkunga.

"Mie nikidhani kunipata ni kunizaa," Bibi akasema. "Watu wote si husema hivyo? Fulani kapata mtoto."

Akaendelea kuchambua mchele. Mama alikuwa amesimamisha mkono wake. Baadaye kidogo Bibi akasema mtoto yule wa kwenye kanda anatakiwa atafutiwe watu wake, si vizuri kuachwa analia.

Ndivyo tulivyoanza kupima asili, sisi, bila kichupa. Kipimo chetu kilikuwa ile kanda, na maabara ilikuwa Temeke nzima, ambako kila nyumba ina watu wa bara na pwani, na kila chumba kina lugha yake mlango ukifungwa. Mjomba, aliyetaka kucheka mwanzo, ndiye aliyelishikia bango. Aliwaita wazee mmoja mmoja, Bibi akawakaribisha kwa kahawa, nami nikabonyeza.

Mmakonde mmoja mzee, aliyekuwa kuli bandarini, alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema neno moja alidhani amelishika, mengine hapana. Mtani wetu Mnyamwezi alisema bila kusita kwamba ni Kinyamwezi safi, na Bibi anaomba msamaha kwa kuwatukana miaka yote. Tukacheka wote, Bibi naye. Mama mmoja wa Kiyao aliyekaa nyumba ya pili alisikia kama anaelewa, akasogea, kisha akasema inakuja halafu inakimbia, kama ndoto unayotaka kuisimulia asubuhi. Watu walikuwa wanatoka kwetu na vipande vya sauti ile vichwani. Nilimsikia mtoto wa jirani anairudia akiteka maji, kama wimbo wa mchezo.

Mchana ulikuwa mrefu siku hizo. Nikikumbuka sasa, naona kama mtaa mzima ulikuwa umelala kwenye mkeka wa Bibi na kuota kitu kimoja.

Fundi viatu wa Kingoni ndiye aliyetuelekeza. Alisikiliza mara moja, akavua miwani. Alisema si Kingoni, lakini utotoni, akienda kununua samaki na baba yake huko chini ziwani, aliwasikia watu wakiitana hivyo. Akamwambia mjomba aende Gongo la Mboto. Kuna mke wa mwanajeshi, mtu wa Mbamba Bay, anauza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, karibu na kambi. Huyo akikosa kujua, hakuna mwingine wa kumuuliza.

Tulikwenda mimi na Mama, redio nimeifunga kwenye khanga ili isiingie vumbi. Tulimkuta mama yule amekaa nyuma ya mafungu yake ya dagaa, mwanamke mnene, mwenye msalaba mdogo shingoni, anafukuza nzi kwa kijiti. Mama alimweleza habari kwa aibu. Mteja alikuja, akahudumiwa, akaondoka. Nikabonyeza.

Mwanzoni alitabasamu. Alituambia kuna mtoto anaongea kama bibi zao wa zamani, wala si kama wanavyoongea sasa. Kisha kile kijiti kikatulia. Nzi wakatua kwenye dagaa na hakuwafukuza. Kanda ilipoisha alijifuta uso kwa ncha ya khanga yake, akamuuliza Mama huyu mtu bado yu hai.

Mama akamwambia yu hai, anapika.

"Anasema, *Amayi, ndidikireni*," yule mama akasema. "Mama, nisubirini. Ndiyo hayo tu, anayarudia. Nisubirini, mguu unauma, nisubirini."

Mama aliinama akashika redio kana kwamba inaweza kuanguka, ingawa ilikuwa chini. Hatukununua dagaa. Yeye ndiye aliyetufungia kwenye gazeti, akakataa malipo, akasema Jumamosi atakuja Temeke kumwamkia.

Njia nzima ya kurudi Mama aliibeba redio yeye mwenyewe. Tulipofika alikaa na Bibi chumbani, mlango ukafungwa, nikasikia sauti zao zikipishana chini chini. Bibi alitoka akaniambia nimsaidie kuwasha jiko. Aliwakaanga wale dagaa mwenyewe, akaweka ndimu, akala polepole. Aliwasifu, akasema ila hawana chumvi ya bahari.

Jumamosi yule mama wa Kinyasa alikuja amevaa nguo zake za kanisani. Alipiga goti mlangoni, akasema shikamoo Bibi, Bibi akaitikia marahaba mwanangu, karibu. Sisi wote tulikuwa tumekaa ukumbini tunangoja kitu kitokee. Mjomba alikuwa amenunua soda. Mgeni akaanza kuzungumza naye kwa lugha ya ziwani, kwa upole, sentensi moja halafu nyingine, akinyamaza katikati kumpa nafasi.

Bibi alimtazama mdomo. Alisikiliza kwa bidii yote, kama mtu anayetega sikio kwa jina lake kwenye orodha ndefu. Hakuelewa kitu. Hata neno la mama hakulishika. Akajaribu kulirudia, likatoka kwa lafudhi ya Kizaramo, wote wawili wakacheka, lakini macho ya Bibi yalikuwa hayacheki. Alimwambia mgeni pole yake, amekuja bure. Akasema huenda ni mashetani kweli.

Tukala wali. Mgeni alisifu samaki wa nazi, akaulizia alivyoungwa. Jua likawa kali, mazungumzo yakalegea. Mjomba akaenda zake. Bibi aliaga kwa adabu kwamba huu ni wakati wake, mgeni asimwone hana heshima, akatandika mkeka pale pale miguuni petu, akalala. Mgeni naye akaegemea ukuta. Mama alikuwa anamsimulia habari za Kisiju kwa sauti ya chini. Upepo ulikuwa unaingia, unasukuma pazia la mlango wa mbele, unaliachia.

Kisha Bibi akaanza. Ile sauti nyembamba. Mama akanyamaza katikati ya neno.

Ni jambo moja kuisikia kwenye kanda, na jingine kuisikia ukijua inasema nini. Miaka yote ile nimelala kando yake, na alikuwa anaita. Nilimwona yule mama wa Kinyasa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili. Alimtazama Mama. Mama akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka, akamwambia kwa mnong'ono, "Mjibu, dada."

Mgeni akashuka chini kwenye mkeka, akajilaza ubavu nyuma ya mgongo wa Bibi, na nguo zake zile za kanisani, akasogeza mdomo karibu na sikio lake. "*Ndabwera*," akasema. "*Gona, mwana wanga.*" Hata mimi nikaelewa. Nimekuja. Lala, mwanangu.

Bibi akanyamaza. Tukadhani ameamka. Lakini pumzi yake iliendelea, ndefu, na baada ya muda akasema kitu kingine, kifupi, tofauti, kwa sauti ile ile ya kitoto, halafu akageuka akalala chali. Tulimuuliza mgeni amesema nini. Alisema hakulishika vizuri. Labda ni jina. Labda amesema ameshiba.

Bibi alipoamka alimkuta mgeni amelala kando yake fofofo. Alimfunika khanga yake. Tulimweleza yaliyotokea, naye akatusikiliza akisuka ukili wa mkeka, bila kutukatiza. Mama akamuuliza sasa yeye aseme, yeye ni nani, tuwaambie watu nini.

"Mie Mzaramo," Bibi akasema. "Yule mtoto ndiye Mnyasa. Mwambieni huyu dada yenu awe anakuja kumtazama."

Na alikuja. Alikuja Jumamosi nyingi, na dagaa wake na habari za kambini, na sisi tukawa tunamwita Mama Mdogo, bila mtu kutuagiza. Sijui kama alimjibu tena usingizini. Sikukaa nione, maana matokeo yangu yalitoka nikaenda chuo cha ualimu Morogoro. Mama alisema Bibi aliendelea kuongea mchana, lakini mara chache, na siku nyingine alicheka. Kanda yenyewe iliharibika. Mjomba alimwazimisha mtu, ikarudi imeliwa na mashine, na nilidhani nitaumia zaidi kuliko nilivyoumia.

Bibi alifariki kwa uzee, asubuhi, kabla muongo ule haujaisha. Watani wa Kinyamwezi walikuja, wakaficha kamba za jeneza mpaka wapewe chochote, kama ilivyo haki yao. Mama Mdogo alikuja na wanawake wenzake wa ziwani, kundi zima kutoka Gongo la Mboto, wote Wakristo. Waliketi mkekani na sisi, khanga vichwani, wakatazama wengine wanavyofanya, wakafanya hivyo hivyo. Wakati wanaume wanautoa mwili, mmoja wao akaanza kulia kwa lugha yao, na mama wa Kiyao wa nyumba ya pili akamwitikia kwa yake.

Mwaka uliofuata Mama alifunga safari peke yake mpaka Mbamba Bay. Hakuwa na jina la mtu wa kumuulizia, kwa sababu Bibi hakuacha jina, na wale waliojua mtoto gani alipotea njiani walikuwa wamekufa siku nyingi. Alikaa kwa ndugu za Mama Mdogo. Aliporudi tulimuuliza ameona nini, akasema ameona watu wanachota maji ziwani na kuyanywa, na kwamba hakuamini mpaka alipoyaonja.

Alituambia pia kwamba asubuhi moja, akiwa ufukweni, alimkuta ajuza mmoja amekaa kwenye gogo anaanika usipa. Ajuza akamuuliza kwa Kiswahili cha kubahatisha ametoka wapi. Mama akasema Temeke. Ajuza akauliza Temeke ni kwa akina nani.

Mama alisema alimwambia ni kwa wote. Yule ajuza aliona ni jibu zuri tu. Akasogea kidogo kwenye gogo lake, Mama akakaa, wakaendelea kugeuza dagaa kwenye jua.